Jina la Kisima cha Chilunga

Haya, tegeni masikio, na mwenye usingizi akalale, maana mwisho nitawauliza.

Pale Chilunga, Ugogoni, maji yalikauka hata ng'ombe wakahamishwa. Mwendwa, mama yake Nyemo, aliondoka na wachungaji, akamwachia binti neno moja: "Nikisikia kuna maji, nitarudi." Nyemo akakua, akasomea miamba, akarejea kijijini na kompyuta yake. Mama hajarudi. Jamani, kumkosa mzazi aliye hai ni donda lisilofunga.

Mlewa alikuwa fundi wa kusikiliza ardhi. Alipiga nyundo kwenye bamba la chuma, vyombo vyake vikanasa mtetemo unaorudi kutoka chini. Aliona matabaka ya miamba bonde zima. Ukimuuliza lipi lina maji, anakuna kichwa.

Mzee Ndahani aliwahi kuchimba kisima, kikatoka kikavu, watu wakambandika jina la Shimo Tupu mpaka wajukuu wakazoea. Lakini mawe yote yaliyotoka aliyahifadhi, kila moja na kina chake. "Hapa nilipochimba najua kila kitu," alisema. "Sogea kando kidogo tu, sijui lolote."

Nyemo akaoanisha kazi za hao wawili. Alipima mtetemo unavyokimbia ndani ya mawe ya mzee, akajua kila mwangwi wa Mlewa umetoka kina gani, kwenye mwamba gani. Kulikuwa na mwamba uliopasukapasuka, ambao kwenye shimo la mzee ulikaa juu mno, mkavu. Akaufuata ukiteremka hadi ng'ambo ya bonde.

"Kule umezama chini, nyufa zake zinashika maji. Chimbeni pale."

Wakachimba. Maji hayo! Vigelegele mpaka sauti zikakauka.

Sasa, desturi ya Chilunga: aliyeyapata maji ndiye anayekipa kisima jina, na likishatangazwa halibadilishwi.

"Kiitwe Lechipya," akasema Mlewa. "Ndilo jina la mwanangu, aliyeuawa na kunywa maji ya dimbwi."

"Kiitwe Ndahani," akasema mzee. "Nataka nife na jina langu."

Nyemo alikuwa analia waziwazi. "Babu, nisamehe. Kiitwe Mwendwa. Wachungaji hutaja visima kokote waendako. Mama akisikia jina lake, atajua ni mimi ninayemwita."

Bila nyundo, maji hayapo. Bila mawe, hayapo. Bila Nyemo, hayapo.

Mlewa hana mtoto mwingine. Mzee hana miaka mingi. Na huenda Mwendwa yuko huko aliko, akiuliza kila apitaye kama Chilunga kuna maji. Haya, wewe uliyekodoa macho: ungekiitaje kisima, na wale wawili ungewaambia nini?