Vitabu Vilivyongoja Askofu

Kulikuwa na kanisa moja (msianze kutazamana, sijasema ni hili) kanisa moja lililoletewa vitabu vipya. Si vile mnavyovijua, vya kurithi, vilivyokatika mgongo na kuandikwa majina ya watoto wa watu wengine. Vipya! Katoni kumi na mbili zilizofungwa kwa selotepu pana, na ukisogeza pua unasikia harufu ya karatasi ambayo haijaguswa na mtu. Vya sayansi, vya ushonaji, vya afya, vya bustani, vya hadithi, hata vya kujifunza kusoma nota za muziki. Chumba kikapakwa rangi. Fundi wa kanisa akatengeneza rafu bila kuitisha hata chai. Akina mama wanne wakajitolea kuwa wahudumu wa maktaba, wakajishonea aproni za kijani zenye mfuko wa kalamu. Mngewaona Jumapili waliyotambulishwa! Walivyotembea, ungedhani wanaenda kuapishwa.

Na kulikuwa na binti mmoja. Digrii anayo, ya ukutubi, tena ameipata vizuri. Miaka minne alikuwa ametembea na bahasha ya kaki mpaka viatu vikamwomba msamaha. Ofisi hii, "We shall get back to you." Ofisi ile, "Kindly be patient." Ya tatu angalau haikumdanganya, ilimwuliza tu anamjua nani. Sasa kamati ya kanisa ikamwambia: wewe ndiye utakuwa mkutubi wetu. Mshahara ni mdogo, lakini ni mshahara. Barua ya kazi imeshachapwa, imebaki sahihi ya Baba Askofu, naye ataitia siku atakapokuja kuiweka maktaba wakfu. Mpaka siku hiyo, shika ufunguo, na katoni zisiguswe.

Zisiguswe kwa nini? Kwa sababu mgeni wa heshima hajafika. Wapendwa, si mnajijua? Sisi tukijenga choo, kitakaa na kufuli miezi mitatu, watu wamejibana, mpaka mheshimiwa fulani aje na makasi akate utepe.

Askofu alikuwa aje Septemba. Septemba akapata mkutano. Ikasogezwa Oktoba. Oktoba akapata safari. Mwenyekiti wa kamati, mtu wa sauti kubwa na suti iliyombana kiunoni, akasimama wakati wa matangazo: "The function has been rescheduled. Ni Desemba, Jumapili ya kwanza. Wahudumu waendelee kupangusa vumbi." Wale mama wanne wakaendelea. Kila Jumatano wanavaa aproni, wanapangusa rafu tupu, wanarudi nyumbani.

Jioni moja binti anafunga mlango, akaja soja wa kanisa, kofia mkononi. Huyo soja alikuwa na miaka arobaini na moja. Shule aliiacha kidato cha pili baba yake alipofariki, na mwaka huo alikuwa amejisajili kufanya mtihani wa kidato cha nne, kimyakimya. Hata mke wake alijua juzi tu.

"Mulembe, madam," akamsalimu.

"Mulembe, soja. Kuna shida?"

"Shida ni biolojia."

Binti akacheka. Soja hakucheka.

"Mtihani ni Novemba. Nina madaftari ya kuazima, na kurasa za figo zimeliwa na panya. Humo ndani kuna kitabu kizima. Nimesoma orodha mliyobandika nje. Katoni ya tatu."

"Soja wangu, si unajua amri ya hapa? Ni Desemba."

"Desemba nitakuwa nimeshafeli. Figo nitazisoma nikamwambie nani? Madam, mimi ndiye ninayelinda hizo katoni. Nalinda chakula na njaa ni yangu."

"Na mimi nikifutwa kazi kabla sijaajiriwa?"

Soja akavaa kofia yake. "Jibu la hilo sasa hata biolojia haina," akasema, akarudi langoni.

Wewe ungefanya nini? Usinijibu kikanisa. Nijibu kama mtu ambaye mama yake amewaambia majirani wote kwamba binti yangu mwezi wa kumi na mbili anaanza kazi. Kitu cha kufanya kilikuwa rahisi mno: kutofanya kitu. Hakuna mtu angemlaumu. Angengoja kwa adabu, soja angefeli kwa adabu, na barua ingetiwa sahihi.

Asubuhi alikuja na kisu cha kukatia sukuma wiki, akapasua selotepu ya katoni ya tatu. Kimoja tu, akajiambia. Alikuwa bado amekishika kile kitabu wakati wale mama wa aproni walipoingia kupangusa vumbi. Akaganda. Mkubwa wao, nesi mstaafu, akaitazama katoni, akamtazama binti, akageuka akafunga mlango kwa ndani.

"Mwanangu," akasema, "kwani cha ushonaji kiko katoni gani?"

Hivyo ndivyo ilivyoanza. Nesi akamtajia mgonjwa wake wa zamani, mgonjwa akamtajia shemeji. Kila Jumatano, baada ya ibada ya jioni, vitabu vilitoka kwa mlango wa nyuma vikiwa vimevalishwa gazeti, ndani ya vikapu, chini ya mboga. Kila kimoja kiliandikwa daftarini, nani amekichukua na atakirudisha lini. Kikirudi, kilitoka siku hiyohiyo, kwa maana mwingine alikuwa anakingoja. Wale mama waliokuwa wakipangusa vumbi sasa walikuwa wakibishana: huyu apewe kipi, yule bado ni mgumu kwake, aanze na hiki. Na binti aliyesomea kazi hiyo miaka minne na kuikosa miaka minne aliwafundisha kila kitu alichofundishwa. Mgongo wake ukanyooka. Katoni wakazifunga tena vizuri kwa selotepu, zikasimama palepale zilipokuwa, na mwenyekiti akichungulia dirishani anaridhika.

Desemba ikafika. Askofu akaja na joho lake. Kwaya ikaimba mpaka mabati yakaitikia. Utepe ukakatwa. Barua ya kazi ilikuwa mezani, kalamu imelazwa juu yake. Mwenyekiti akainama mbele ya kamera kuinua katoni ya kwanza, akajikaza kama mtu anayebeba gunia la mahindi. Katoni ikapaa. Yeye akarudi nyuma hatua tatu, akamwangukia mwimbaji wa besi.

Watoto wakacheka. Watu wazima hawakucheka.

Akaichana. Tupu. Ya pili, tupu. Katika ya tatu mlikuwa na kitabu kimoja, kimevimba, pembe zimekunjika, vikaratasi vimejaa kila mahali.

"Tumeibiwa!" Akamrukia soja, akamshika kola. "Wewe ndiye mlinzi! Vitabu vya Mungu umeviuza wapi? Leo unaondoka hapa na gari la polisi, with immediate effect!"

Soja akamtazama binti. Alikuwa radhi kubebwa na polisi kuliko kumtaja. Wapendwa, mnaiona hiyo barua pale mezani? Binti naye alikuwa anaiona.

Akatoka kwenye safu yake.

"Mwachilie, mwenyekiti. Ufunguo ninao mimi. Vitabu nilivitoa mimi."

"Ukavipeleka wapi?"

"Viko kazini."

"Kazini wapi?"

"Kwa watu. Hapa kanisani vitabu vimepata kazi kabla yangu."

Mwenyekiti akachukua ile barua, akaikunja mara mbili, akaitia mfukoni. "Basi wewe kazi huna."

"Hiyo nimeizoea," binti akasema.

Askofu akakiokota kile kitabu kimoja. "Na hiki kilibaki kwa nini?"

"Hicho hakikubaki, Baba Askofu," soja akajibu, akiinyoosha kola yake. "Hicho kimerudi. Mtihani nimemaliza. Waliuliza figo. Nimejaza kurasa mbili."

"Hivyo vingine anavyo nani?"

Nani asimame, mwenyekiti akiwa amevimba vile? Nesi akasimama na aproni yake. Halafu mjane mmoja: "Haya majoho ya kwaya mliyoyapigia makofi, mshono nimejifunza kwenye kile cha ushonaji. Sasa nashona sare za shule mbili." Yule wa besi akasimama akijisugua bega: "Wimbo wa leo tumeimba kwa nota. Mara ya kwanza tangu kanisa lijengwe." Benchi hadi benchi watu wakaanza kusimama, kila mmoja akijigamba na kitabu chake kama mzazi wa mtoto aliyeongoza darasa. Kisha, mbele kabisa, kwenye viti vya heshima, akasimama mke wa mwenyekiti.

"Mimi ninacho cha kisukari."

"Mama, keti," mwenyekiti akanong'ona.

"Siketi. Tangu Oktoba nakupikia kutoka kitabu hicho. Unawaambia watu suti imekulegea kwa sababu ya maombi. Maombi yalikuwepo, Baba. Lakini na zile chapati nilizificha."

Kanisa likapasuka kwa kicheko. Hata Askofu alilazimika kutazama dari. Alipotulia, akaomba daftari na kalamu. "Niandikeni na mimi," akasema. "Cha bustani kikirudi, ni zamu yangu."

Sasa nawaona. Mnangoja niseme Askofu aliichukua ile barua akaitia sahihi, binti akalia, mkapiga vigelegele, twende nyumbani tukale. Haikuwa hivyo. Barua ilikaa mfukoni mwa mwenyekiti. Jumatatu saa mbili asubuhi binti aliifungua maktaba bila mshahara, akiwa na jeuri yote ya mtu mwenye kazi, na watu sita walikuwa wanamngoja mlangoni.

Imewauma? Na iwaume. Na nyinyi mnaopenda kazi ya bure ya watoto wa watu, msinipigie makofi: kamati ile ilipaswa kuona haya, na anayefanya kazi alipwe. Hilo nalisema na sitalipunguza.

Lakini leo sisemi na kamati. Nasema na sisi. Sisi tulio na vyeti ndani ya plastiki chini ya godoro, tumejaa elimu hadi kwenye mfuniko, tumekaa kimya tukingoja mtu mkubwa aje atukate utepe. Nani alituambia kwamba hatujafunguliwa? Wewe nesi uliyestaafu, mikono yako imestaafu pia? Wewe fundi, wewe mwalimu uliyefukuzwa, wewe uliyeachishwa kazi kiwandani, nani atakuzindua? Tumewasubiri wakubwa mpaka jirani yetu amefeli mtihani wake mlangoni petu, na sisi tulikuwa na jibu ndani.

Nimewatazama watu wa kanisa hili mwaka mzima. Nimetafuta serikalini, nimetafuta maofisini, na niwaambie ukweli, sijaona mahali penye watu wenye vipaji kama hapa. Najivunia nyinyi, na sitaki kujivunia kitu kilichofungwa.

Vitabu vyetu wenyewe vimefika juzi. Wahudumu wanatakiwa kesho. Msiniambie amina. Niambieni saa mtakayofika.