Ufunguo wa Bi Mwantumu

Kuna mtu utamkumbuka ukikisoma kisa hiki. Ukishamkumbuka, mpelekee, na wala usimwambie kwa nini.

Katika kitongoji kimoja nje kidogo ya Muheza alikuwako mjane aitwaye Bi Mwantumu. Alikuwa mwanamke mwema, hodari wa jembe na mwepesi wa kucheka, ila alikuwa na ugonjwa mmoja ambao hospitali hawautibu. Ugonjwa wenyewe ni ufunguo wa nyumba yake. Aliuvaa shingoni kwa uzi wa katani, akaoga nao, akaswali nao, akalala nao.

Msimcheke haraka. Siku aliyozikwa mumewe, watu wote wakiwa makaburini, wezi waliingia ndani wakakomba mablanketi, redio, mpaka sufuria za kupikia wafiwa. Maskini, alirudi kumlilia mume akakosa hata mkeka wa kukalia.

Kidogo kidogo alinunua vitu vingine, na cherehani ya mkono juu yake. Lakini kwa miaka sita hakulala nje ya nyumba ile hata usiku mmoja. Harusini aliondoka kabla pilau halijaiva. Msibani alitoa pole akiwa amesimama. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na Bi Mwantumu aliuona unyasi kila mahali.

Asubuhi moja simu ikalia. Alikuwa Salha, binti yake wa pekee, aliyeolewa Morogoro. Amejifungua mtoto wa kwanza, kwa upasuaji. Mama mkwe wake alishafariki, na mumewe, dereva wa lori, yuko safarini. Hapakuwa na wa kumkanda maji ya moto wala wa kumkorogea uji wa pilipili manga.

"Mama, njoo," Salha alisema. "Hata siku tatu tu."

"Mwanangu, nyumba nitamwachia nani?"

"Mwachie jirani yako, Mama Kidawa. Si mnapakana ukuta kwa ukuta?"

"Nimpe mtu ufunguo wangu?"

Kwa mbali kwenye simu kitoto kilikuwa kinalia.

"Basi, mama," Salha alisema, tena bila hasira. "Kaa na nyumba yako. Mimi nitajikanda mwenyewe."

Neno hilo lilimchoma Bi Mwantumu kuliko matusi. Mzazi wa juzi, na mshono tumboni, ajikande mwenyewe na mama yake yu hai! Akakurupuka. Alitia nguo mbili kwenye mkoba, akafunga pilipili manga kwenye karatasi, akabana kufuli, akaenda mbio stendi kabla moyo haujabadilika.

Akapata basi, akapata na kiti cha dirishani. Basi likaanza kunguruma. Mkono wake ukaenda shingoni wenyewe, ukashika ufunguo, na papo hapo akaona mlango uko wazi, watu wanatoka na cherehani yake, mmoja kashika mbele, mwingine nyuma. Akainuka kitini.

"Nishusheni!"

"Umesahau nini, mama?" konda akauliza.

"Nyumba," akajibu, na watu wakaangua kicheko.

Akarudi kwa miguu huku analia. Alijichukia kwa kweli. Alijua mtoto wake anamhitaji, alijua anachokifanya si sawa, na bado miguu ilikuwa inampeleka nyumbani kama ya mtu mwingine.

Alipofika aliukuta mlango uko wazi.

Kufuli lilikuwa linaning'inia kwenye pete yake, zima, halina hata mkwaruzo. Ndani moshi umetanda, na katikati ya moshi amesimama Mama Kidawa na ndoo tupu mkononi, anakohoa.

"Dada umerudi? Ashukuriwe Mungu! Uliacha jiko la mkaa linawaka, pazia likashika moto. Bado kidogo tu nyumba iende."

Bi Mwantumu hakuliangalia pazia.

"Umeingiaje?"

"Kwa mlango."

"Ufunguo ninao hapa!"

Mama Kidawa akafungua fundo la khanga yake, akatoa ufunguo mwingine. "Nimefungua na wa kwangu. Makufuli haya tulinunua pamoja gulioni, umesahau? Kwa yule muuzaji wa kutandika chini. Yote yanafunguliwa na ufunguo mmoja, dada yangu. La kwangu, la kwako, na nadhani na ya nusu ya mtaa."

Bi Mwantumu akauchukua ule ufunguo, akautia kwenye kufuli, akazungusha. Likafunguka. Akalibana, akajaribu tena. Likafunguka tena.

"Umejua tangu lini?"

"Tangu mwaka ule ule tulioyanunua. Mvua ilikukuta shambani, paa lako likawa linavuja juu ya kitanda. Nikajaribu ufunguo wangu, ukakubali, nikaingia nikakinga ndoo. Ukarudi, nikakusikia unajisifu, 'Kumbe nilikuwa na akili ya kuacha ndoo!'"

"Na hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungelala?"

Bi Mwantumu akaketi kizingitini. Akavihesabu vitu vyake kwa macho. Cherehani ipo. Redio ipo. Mablanketi yapo. Miaka sita alikuwa amejifunga yeye, na mlango ulikuwa wa kila mwenye kufuli la gulioni. Kilichokuwa kinailinda nyumba ni huyu mwanamke na ndoo yake, ambaye Bi Mwantumu hakuwahi kumwamini hata kwa kikombe cha chumvi. Akaanza kucheka, kicheko kikageuka kilio, na Mama Kidawa akaketi pembeni akamshika bega mpaka kikaisha.

Kisha akauvua ule uzi shingoni.

"Shika," akasema. "Basi la mchana bado halijapita."

"Wa nini, dada? Na wangu ninao."

Wakacheka tena wote wawili. Bi Mwantumu akauacha ufunguo dirishani, akachukua mkoba wake.

Karibu na Chalinze mkono ulikwenda shingoni kwa mazoea. Ukakuta shingo tu. Moyo ulimwenda mbio, hilo halifichiki, kwa sababu hofu ya miaka sita haifi kwa siku moja. Lakini safari hii hakumwambia konda kitu. Akauteremsha mkono, akaupumzisha mapajani, na kabla ya kufika Morogoro alikuwa amesinzia.

Salha alifungua mlango akiwa ameinama, mkono mmoja tumboni. Alimtazama mama yake kama mtu asiyeamini macho yake.

"Mama! Nyumba umemwachia nani?"

"Nipe kwanza mjukuu wangu."

Akapewa. Akamnusa utosini, akafumba macho. Salha alikuwa bado amesimama, anaogopa kufurahi mapema.

"Na unarudi lini, mama? Kesho?"

"Kesho gani?" Bi Mwantumu akasema, anavua viatu. "Niteleke maji nikukande. Nimekuja arobaini nzima."

Funzo: Hofu humfunga mwenye mali kabla haijamfunga mwizi. Kila unachokishikilia kwa woga, jiulize ni nani anayekuita nawe huendi.