Aliyeambiwa Asogee Nje ya Picha

Wapendwa, mfano wa leo una harusi ndani yake, kwa hiyo asisinzie mtu.

Binti mmoja wa milimani aliolewa. Mnajua desturi yetu: mkitoka kanisani, kabla ya kwenda ukumbini, msafara unapitia kwanza kupiga picha. Wenzake wote walipigia kwenye bustani ya hoteli, penye maji yanayoruka. Yeye akasema, "Mimi nitapigia shambani kwa bibi." Shamba lenyewe liko mteremkoni, limejengwa ngazi kwa ngazi kwa kuta za mawe. Mawe hayo bibi yake aliyabeba kichwani kutoka mtoni, miaka na miaka, ili mvua isisombe udongo. Shamba hilo ndilo lililomlea binti na kumsomesha. Alitaka picha moja tu: yeye, mume wake na bibi, juu ya kazi ile.

Basi magari yakapanda mlima, matarumbeta mbele! Bibi akatoka na kitenge kipya, miguu peku maana viatu vilimbana, akasimama karibu na mjukuu wake.

Mpiga picha akashusha kamera. "Bibi, samahani, sogea kidogo. Unaniharibia mandhari."

Akasogea. "Kidogo tena." Akasogea. "Au njoo huku nyuma yangu kabisa."

Bi harusi akasema, "Kaka, huyu ndiye niliyemfuata huku!"

"Dada, niachie kazi yangu. Bibi tutampiga baadaye."

Baadaye! Hiyo baadaye si mnaijua? Wazee wetu wangapi tumewazika wakiisubiri?

Bibi akaenda nyuma yake. Bi harusi machozi yakamlengalenga. Mpiga picha, jicho kwenye kamera, anataka mlima wote uingie. Akarudi nyuma hatua moja. Ya pili. Ya tatu. Mbona mmenyamaza? Ndiyo, nyuma yake shamba limeishia ukingoni, na chini ni kina cha watu wawili.

Mkono ukamdaka mkanda wa suruali. Mkono mkavu, mgumu, uliozoea mawe. Ukamvuta, akakaa chini pu, kamera kifuani.

Akageuka, akamwona bibi anahema. "Mjukuu wangu, hapa mimi najua kila jiwe. Si ungeniuliza?"

Jamani! Aliyeambiwa anaharibu picha ndiye aliyemwokoa mwenye kamera! Kijana akainuka, akamshika bibi mkono, akampeleka mwenyewe mbele, katikati ya maharusi, miguu peku vilevile. "Bibi, simama hapa. Usisogee tena." Matarumbeta yakalipuka, vigelegele vikavuka bonde, na bi harusi akalia huku anacheka. Picha hiyo ndiyo iliyotundikwa sebuleni kwao.

Sasa tuje kwetu sisi. Tumesoma, tumejenga, tunapendeza. Umemweka nani nyuma ya kamera kwa sababu miguu yake inakutia aibu? Hujaanguka mpaka leo, unadhani ni akili zako? Kuna mtu amekushika mkanda, ndugu yangu! Anakutaja mbele za Mungu kila asubuhi, na wewe hujampigia simu tangu Pasaka.

Kwa hiyo wimbo wa mwisho usubiri kidogo. Kila mwenye mzee wake kule viti vya nyuma, ainuke sasa hivi amlete huku mbele. Haya, inukeni! Na akina mama, hivyo vigelegele nataka nivisikie.