Hata Samaki Mmoja

Maji ya saba yalipotoka kwenye beseni yakiwa bado na ukungu mwembamba, fundi mizani alitikisa kichwa, akafungua bomba tena, akaanza kuuosha mchanga mara ya nane. Aliuzungusha kwa kiganja taratibu, kama mtu anayechagua mchele wa wageni, akayamwaga maji, akajaza mengine. Kando yake, kwenye kiti cha kukunja, mke wake alikuwa ameketi akiusikiliza mchanga ukichakarika.

"Hao samaki wakija watakuta mchanga msafi kuliko shuka zangu," mke alisema.

"Haraka haraka haina baraka," mume akajibu bila kuinua uso.

"Najua. Ulinichumbia miaka miwili. Nilianza kudhani unanipima uzito."

Fundi akacheka. Alikuwa mtu wa maneno machache na mkono mtulivu. Kwa zaidi ya miaka thelathini alikuwa akizunguka madukani kukagua na kurekebisha mizani, na hakuna muuza sukari aliyewahi kusema kwamba kazi yake ilipinda. Watu walimbandika jina la Bwana Gramu, naye alilipokea bila kinyongo. Methali ile ya haraka aliifanya dira ya maisha yake. Lakini wahenga hawakutuachia methali moja. Zipo nyingine zinazotazama upande wa pili, na hizo hakuwa amewahi kuzipa nafasi.

Habari ya samaki ilianzia hospitali ya macho. Mke wake alikuwa mshonaji, na cherehani yake ilijulikana mtaa mzima. Mwanzo alikuwa akijigonga begani kwenye miimo ya milango, akisema nyumba imekuwa nyembamba. Kisha siku moja akashona mkono wa gauni ndani nje, jambo ambalo halikuwahi kumtokea hata alipokuwa mwanafunzi. Daktari akasema ni presha ya macho. Aliwaeleza kwa upole kwamba nuru iliyokwisha kupotea hairudi, na matone ya dawa yangeweza tu kuchelewesha kupotea kwa ile iliyobaki. Walipouliza ni kwa muda gani, akakiri kwamba hajui. Labda mwaka, labda miezi.

Walitoka kwa daktari, wakaketi kidogo katika chumba cha kusubiri ili wapate nguvu ya kwenda nyumbani. Pale kwenye kona palikuwa na tangi la kioo, na ndani yake samaki wa bluu, bluu iliyokolea kama wino uliomwagika sasa hivi. Mke akalisogelea mpaka pua yake ikakaribia kugusa kioo. Akakaa hapo robo saa nzima, na kwa mara ya kwanza siku ile akatabasamu.

"Hii bluu naiona vizuri," akasema. "Ningekuwa nayo nyumbani, ningeitazama kila siku mpaka niikariri. Ili taa ikizimika, nibaki na kitu."

Siku ile ile fundi alinunua daftari.

Alijifundisha mwenyewe, ukurasa kwa ukurasa, kama alivyojifundisha mizani. Alijua sasa kwamba wale huitwa sikilidi, samaki wa maziwa makubwa ya Afrika, binamu wa perege, wazuri wa sura lakini wagomvi kama wapangaji wanaogombea bafu moja. Hupenda maji magumu yenye chokaa, na mawe mengi yenye mapango ya kujificha. Alijua kwamba tangi la lita mia tatu likijaa lina uzito wa zaidi ya watu wanne, hivyo meza yake aliiunda kwa mbao nene, akaipima kwa pimamaji mbele na nyuma mpaka kiputo kikatulia katikati. Alijua pia kwamba mawe hulazwa kwanza na mchanga hufuata, maana samaki hawa ni wachimbaji, na jiwe lililokaa juu ya mchanga litaanguka siku moja na kuvunja kioo.

Mchanga ulipotakata, tangi likajazwa. Hapo ikabidi kungoja, na kungoja huko kulikuwa kwa haki. Maji mapya ni mabichi. Uchafu wa samaki huyageuza kuwa sumu, mpaka wale vijidudu wema wajenge makao ndani ya chujio na kuimaliza sumu hiyo. Kazi hiyo huchukua wiki tano au sita. Kila asubuhi fundi alitia chembe za chakula cha samaki zioze badala ya uchafu huo, akachota maji katika kichupa, akadondosha matone ya kupimia, akailinganisha rangi na kadi, akaandika tarehe. Wiki ya sita, kwa siku tatu mfululizo, kichupa kilionyesha kwamba sumu imekwisha.

"Basi lete hata mmoja tu, nimwone," mke alisema.

Binti mwenye duka la samaki wa mapambo alimwambia vivyo hivyo. Alikuwa msichana mchangamfu, kucha zake daima zikiwa na rangi na mikono yake daima ikiwa imelowa.

"Baba, maji yameiva," alimwambia. "Chukua hata watano wadogo, wengine watafuata."

"Mwanangu, wale wa kwanza watayateka mapango yote," fundi akamjibu. "Watakaofuata watapigwa. Nataka wote kumi na wawili siku moja, dume mmoja kwa majike watatu."

Binti akacheka, akasema kwamba baba huyo anajua kuliko yeye muuzaji. Ni kweli kwamba alilolisema fundi lilikuwa sahihi. Kila alilolisema miezi ile lilikuwa sahihi, ukilitazama peke yake.

Kisha mawe yakaanza kumkera. Upande wa kulia ulikuwa mzito kuliko wa kushoto, na mtu aliyeishi kwa kusawazisha hakuweza kulala vizuri chini ya dari moja na jambo kama hilo. Akayabomoa yote, akayapanga upya, maji yakachafuka, ikambidi asubiri tena wiki tatu. Mzigo wa samaki wa bluu ulipofika dukani, karibu wote walikuwa madume. Akasubiri mzigo mwingine. Huo nao ulichelewa.

Jioni moja, alipokuwa akikisugua kioo kilichokwisha kung'aa, mke wake aliuliza kutoka jikoni, "Na ile ya ngoja ngoja, nayo si methali? Au kwenu haikufika?"

Fundi akacheka, akaendelea kusugua.

Yapo mambo aliyoyaona katika miezi hiyo na asiyaandike popote. Cherehani ilifunikwa kitambaa, na mke akasema anapumzika. Alipomimina chai alitanguliza kidole ukingoni mwa kikombe, akasema anapima joto. Aliacha kuwasha taa vyumbani, na fundi akamsifu kwa kubana umeme. Kliniki alikuwa akisindikizwa na mdogo wake, na kila aliporudi fundi alimuuliza daktari amesemaje. "Yale yale," mke alijibu, na mume, mkono ukiwa ndani ya maji hadi kwenye kiwiko, hakuuliza mara ya pili.

Hatimaye binti wa duka alipiga simu. Wa bluu wamefika, alisema, lakini wakali kupita kiasi, wamekwisha kuua wenzao watatu njiani. Palikuwa na wengine, wadogo, wapole kuliko ndugu zao wote, wa rangi ya njano tupu. Fundi alikwenda akawatazama kwa muda mrefu. Akakumbuka kwamba daktari aliwahi kusema jicho dhaifu hukikamata upesi kitu kinachong'aa. Njano ile iling'aa kuliko kitu chochote dukani. Akaona moyoni kwamba mke wake ataiona hata akiwa mlangoni. Akachagua kumi na wawili, na njiani akaamua kutomwambia rangi yao. Alitaka aone uso wake utakavyofunguka.

Aliiacha mifuko ya samaki ielee juu ya maji ili joto lilingane, akaongeza maji ya tangi ndani yake kikombe kwa kikombe. Saa nzima mke alikaa kwenye kigoda akingoja, amevaa gauni lake zuri, mikono imelala mapajani. Ndipo fundi akawaachia mmoja mmoja. Walisimama kidogo kama watoto siku ya kwanza ya shule, kisha wakatawanyika kati ya mawe, njano ya limau lililoiva, kila mmoja na mstari mweusi mgongoni.

"Haya, bibie. Njoo."

Mke akainuka. Akatanguliza mkono mpaka ukagusa kioo, akainama. Samaki wawili wakapita mbele kabisa ya uso wake.

"Wazuri," akasema. "Wazuri sana. Bluu yao imekolea kuliko ya wale wa hospitali."

Kitambaa alichoshika fundi kiliendelea kudondosha maji juu ya viatu vyake. Alifungua mdomo aseme ndiyo. Ingekuwa rahisi, neno moja tu, na siku ingepita kwa furaha. Lakini hakuwahi kumwongezea mtu gramu ambayo haikuwepo, na ulimi wake haukujua kuanza leo.

"Ni wa njano," akasema polepole.

Mke hakuuondoa mkono kwenye kioo.

"Tangu lini?" fundi akauliza.

"Ilikuwa ikipungua. Mwishoni nilikuwa kama natazama kupitia tundu la sindano. Ulipoyabomoa mawe yako, tundu lilikuwa bado wazi. Mwezi uliopita likafumba."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia," mke akajibu. "Nilikuambia hata mmoja tu."

Hapakuwa na hasira katika sauti yake, na hilo ndilo lililomchoma mumewe. Angegombezwa, angepata pa kujitetea. Hakuhitaji kulifungua daftari ili ajue. Tangu asubuhi ile kichupa kilipotakata mpaka mwezi uliopita zilikuwa zimepita zaidi ya wiki kumi, na kila siku katika hizo samaki mmoja wa bluu angeweza kuogelea mbele ya macho yaliyokuwa yakimngoja. Tarehe zote zilikuwa humo, kwa mwandiko ulionyooka. Alikuwa amepima maji, joto, chokaa na mawe. Nuru ya mke wake ndiyo iliyokuwa ikipungua katika chumba hicho hicho, na hakuipima hata siku moja.

Akaketi sakafuni pale pale penye maji, mgongo ukiegemea meza aliyoiunda mwenyewe, akalia bila sauti. Mke alimtafuta kwa mkono, akapata bega, akaketi chini karibu naye.

"Kwa nini wa njano?" akauliza.

"Nilidhani utawaona upesi zaidi."

Mke akacheka kidogo, kicheko chenye machozi ndani yake, akajifuta kwa upindo wa gauni. "Sasa niambie wakoje. Mmoja mmoja, kama unavyopenda."

Fundi akageuka kuelekea kioo. Alitafuta maneno kwenye daftari la kichwa chake, akaona hayafai, maana yote yalikuwa ya vipimo. Ikabidi aazime maneno ya mshonaji.

"Huyu wa kwanza," akaanza, "ana njano ya ile satini uliyomshonea bibi harusi, yule jirani mwenye makelele."

"Ile niliyoikosea kola?"

"Hiyo hiyo. Na mgongoni ana mstari mweusi, umenyooka kama pindo ulilolishona ukiwa na hasira."

"Nikiwa na hasira ndipo hunyooka," mke akasema, akafumba macho yake, ingawa hakukuwa na haja. "Ndiyo. Huyo nimempata. Wa pili?"

Akamweleza wa pili, mwembamba, mwenye kupenda pango la kulia. Akamweleza wa tatu, aliyekuwa akimfukuza kila mtu kisha anasahau sababu. Wa nne rangi yake ilikuwa imepauka, kama kitambaa kilichoanikwa sana juani. Hapo sauti ya fundi ikaanza kukimbia. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake aliharakisha, akirukia wa tano na wa sita kwa pumzi moja, kana kwamba mtu amekuja mlangoni kuwachukua.

Mke akamkamata mkono. "Taratibu, Bwana Gramu. Unanichanganyia samaki. Nimewashika wanne. Nane waliobaki, kesho."

"Tumalize leo," mume akasema.

"Nimechoka. Kesho."

Fundi akamwinua, akamshika mkono mpaka chumbani, kisha akarudi peke yake. Ndani ya ndoo, upande wa kushoto wa tangi, yalikuwa yamebaki mawe matano aliyokuwa ameyaacha ili kuusawazisha ule upande mwepesi. Aliyatazama, asiyaguse. Samaki wanane ambao hawakuwa bado na maelezo walizunguka wakiwa wamechangamka, wakingoja kesho, naye akasimama mbele yao akiwatazama kwa macho mazima. Watu wengi hukumbuka kwamba haraka haraka haina baraka. Fundi huyu aliiheshimu methali hiyo maisha yake yote, na siku hiyo, nyumbani kwake, alijifunza kwamba wahenga hawakukosea pia waliposema: ngoja ngoja huumiza matumbo.