Wimbo wa Ijumaa Jioni

Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Mtu anaweza kuubana mdomo wake apendavyo, lakini kifua kitamsaliti tu. Lau Estrella angeambiwa maneno hayo katika mwaka wake wa kwanza wa ndoa, angeguna.

Mumewe Nissim, mwalimu wa shule ya Kiyahudi mtaani Flores, jijini Buenos Aires, alikuwa mpole kama maji ya mtungini, na mkimya kama mtungi wenyewe. Kila Ijumaa jioni, mishumaa ya Sabato ikishawaka, alimwimbia mkewe wimbo wa kumsifu mke mwema, kama ilivyo desturi. Waume wengine waliimba wakiwatazama wake zao. Nissim alizika uso kitabuni, kama karani anayesoma hati ya mashtaka.

Sasa alikuwa ameitwa kuongoza shule huko Tucumán, mbali kaskazini.

"Uamuzi ni wako," alimwambia mkewe. "Usipotaka, Jumapili nitawajibu hapana."

Estrella alikosa raha. Amwache mama yake na dada zake, amfuate mtu anayemsifu kwa kusoma?

Ijumaa hiyo joto la Februari lilikuwa la kukaanga. Shangazi Fortunata, aliyewaposea, alikuwa mgeni wao.

"Shangazi," Estrella alimnong'oneza jikoni, "ulinipa mume au ulinipa ukuta?"

"Heri ukuta, binti yangu. Ukuta haumalizi sahani nzima ya sambusa!" Akacheka, kisha akamshika mkono. "Vuta subira."

Nissim alipofungua kitabu tu, dhoruba ikavuma. Upepo ukaingia dirishani ukazima mishumaa, na papo hapo umeme ukakatika mtaa mzima. Kuwasha moto siku ya Sabato, inayoanza Ijumaa jua linapotua, ni mwiko.

"Haya, leo hakuna wimbo," Shangazi alisema gizani. "Tupapase chakula."

Ndipo sauti ya Nissim ikapanda, nyororo, ubeti baada ya ubeti, bila kukwama hata mara moja. Estrella hakuwahi kuisikia hivyo.

"Kumbe unaujua kwa ghibu!"

"Tangu utotoni."

"Basi kitabu cha nini?"

Nissim alishusha sauti. "Ijumaa ile ya kwanza niliimba nikikutazama. Maneno yote yakanitoka kichwani. Nikaona haya."

Estrella alikumbuka. Wakati ule alidhani ni uchovu wa harusi.

"Kwa hiyo ukijificha..."

"Angalau namaliza wimbo."

Umeme ukarudi ghafla. Nissim aliinamisha kichwa, lakini alikuwa amechelewa.

"Mtazame masikio!" Shangazi alipiga makofi. "Mekundu kama nyanya!"

Estrella alinyoosha mkono, akakifunga kitabu polepole.

"Tucumán utaimba bila hiki," alisema. "Ukisahau, nitakukumbusha."

Kweli, mapenzi ni kikohozi: hayafichiki, hata nyuma ya kitabu.