Maua Mgongoni mwa Masouda

Wahenga hawakuona haya kumtaja chawa, basi nasi tusione. Walisema kidole kimoja hakivunji chawa, maana yake yako mambo ambayo mtu peke yake, hata awe fundi wa mafundi, hayawezi mpaka apate mwenzake. Yaarub na mkewe Masouda waliijua methali hiyo tangu utotoni, lakini kuijua methali si kuionja.

Mwaka 1966 wawili hao walikuwa wakiishi Maskati, baada ya kuhama Unguja. Yaarub alikuwa mpiga picha. Masouda alikuwa mchoraji wa hina na piko, na harusi iliyokosa maua yake ilionekana imepwaya. Katika chumba cha kuwekea tende, walichokiziba mwanga kwa mablanketi, walianza kazi ambayo hawakumwambia mtu ila rafiki yao Thani. Yaarub alimpiga mkewe picha ameketi bila nguo, ameipa kamera mgongo. Picha ilipokauka, Masouda aliichora maua kwa wino mweusi, tangu shingoni hadi kiunoni, mpaka uchi ule ukawa kama umevishwa. Thani, aliyekuwa akisoma Beirut, aliahidi kuipeleka kwenye maonyesho huko bila kutaja jina la mtu.

Kabla Thani hajasafiri, Bi Bakhita, mama yake Yaarub aliyeishi nao, aliikuta picha ile chumbani.

"Masouda! Huyu wewe!"

"Umejuaje, mama? Uso hauonekani."

"Uso wa nini? Tazama vikonyo vyote vimepinda kushoto! Nani mwengine Maskati anachora kwa mkono wa kushoto? Harusi ngapi nnakwenda na maua haya haya mkononi!"

"Inakwenda Beirut, mama," Yaarub alijitetea.

"Na huko hawako vijana wa hapa, wenye dada na wake aliowachora mkeo? Dhambi yenu mtajibu wenyewe mbele ya Mola, lakini fedheha itabisha hodi kwangu. Nani atamkaribisha tena kwa bi harusi wake?"

Hapo hapo akaitia jikoni, ikaungua.

Masouda alilia kwa uchungu na kwa hasira juu yake mwenyewe. Alikuwa ameficha uso, kisha akajitaja kwa mkono wake.

"Tuache, Masouda," Yaarub alisema.

"Hatuachi ng'o! Filamu ipo na karatasi ya picha imebaki moja. Maisha yangu nimewachora watu maua yanayofutika. Hili moja nataka libaki." Akamgeukia mkwewe. "Mama, tukiichora upya nawe usiujue mkono, utaturuhusu?"

"Nikishindwa mimi kuujua, hayupo atakayeujua," alijibu Bi Bakhita kwa kununa.

Kila baada ya chakula cha mchana, mama alipolala, walijifunza juu ya magazeti makuukuu. Masouda alijaribu kwa mkono wa kulia, mistari ikatetemeka kama ya mgonjwa. Yaarub alijaribu peke yake, maua yakatoka mfano wa mende waliokanyagwa. Masouda alicheka mpaka akashika mbavu, kisha akamrudishia mumewe kalamu, akauweka mkono wake wa kushoto juu ya mkono wa kulia wa Yaarub.

"Unanivuta," Yaarub alilalamika.

"Nawe unanisukuma. Usiache, twende hivyo hivyo."

Waligombana, wakanuniana, wakaanza tena. Siku baada ya siku mstari ukatulia. Haukuwa wa Masouda wala wa Yaarub, na ulikuwa na nguvu ambayo hakuna kati yao aliyewahi kuwa nayo. Ndipo wakaisafisha picha kwenye karatasi ile ya mwisho na kuichora bila kukosea.

Bi Bakhita alivaa miwani. Alivifuata vikonyo kwa kidole, kimoja kimoja. Vingine vilipanda wima, vingine vililala kulia.

"Hii kachora nani?"

"Sisi, mama."

"Nyinyi nani? Mkono wako naujua, na huyu mwanangu hajui kuchora hata yai. Mkono huu siujui." Alitazama tena, sauti ikashuka. "Wallahi siujui, na ni mzuri."

Aliifunga picha ndani ya kanga yake mwenyewe, akamkabidhi Yaarub. "Mpelekee Thani upesi, kabla sijabadili rai."

Masouda aliangua kilio cha furaha, na Yaarub hakujua amshike mkono upi. Ama kweli, kidole kimoja hakivunji chawa.