Bwana Kamba na Kinu cha Bi Uduvi

Hapo zamani za kale... Ngojeni kwanza, nani anacheka huko nyuma? Aa! Kumbe kanzu nimeivaa nyuma mbele, na nimekatiza nayo mtaa mzima nikiitikia salamu kama shehe! Haya, chekeni mmalize. Nimefika Moroni, nimefika Bujumbura, na sijaona mji ambao sikuaibika.

Basi hapo zamani hizo palikuwa na kidimbwi katikati ya mikoko. Humo aliishi Bwana Kamba, mwenye masharubu marefu na sauti nene. Akikohoa, majirani wanashika milango. Jirani yake alikuwa Bi Uduvi, mdogo kama kipande cha ukucha, na chini ya tumbo amebeba mayai arubaini yaliyokaribia kuanguliwa.

Wakazi wa kidimbwi hicho walikuwa na ngozi kama kioo. Ukila mwani, kila mtu anauona tumboni mwako. Huwezi kwenda kula kwa jirani kisha ukarudi kwa mkeo ukasema una njaa!

Siku moja Bwana Kamba akajitandaza kwenye kona ambako vumbi la mwani hutua.

"Kona hii ni ya mla upesi," akanguruma. "Tushindane. Tumbo litakalotangulia kuwa kijani tupu, ndilo lenye kona. Mwingine ahame!"

"Na wanangu je?" akalia Bi Uduvi. "Wakianguliwa watakula vumbi la hapa tu. Kwingine watakufa!"

"Wafundishe kufunga."

Mwamuzi akawa Shangazi Konokono, tambuu shavuni. Bwana Kamba akaleta mabonge ya mwani makubwa kama ngumi.

"Anzeni!"

Kru! Kru! Kru! Bwana Kamba akayavunja mabonge kama mtu atafunaye kashata. Bi Uduvi akalikwea bonge lake, akaling'ata. Likabingirika naye, biringi, biringi, puu! Akawa chini, bonge juu.

"Mama, hicho ni chakula au kaburi?" Bwana Kamba akacheka, tumbo lake kijani tupu.

Lakini kidimbwini kulikuwa na desturi: aliyeshindwa ana haki ya marudio, ila yeye ndiye mpishi, na mshindi atakula alichopikiwa bila kuguna.

"Pika, mama, pika!" akasema Bwana Kamba. "Kesho. Na chumvi usizidishe!"

Asubuhi Bi Uduvi akayatia mabonge yale yale kwenye kinu. Pu! Pu! Pu! Akatwanga hadi yakawa unga laini kuliko poda ya mtoto. Jua lilipofika utosini, matumbo yote mawili yalikuwa matupu tena. Akatia unga kidogo kwenye ganda kubwa la chaza lililojaa maji, akakoroga.

"Anzeni!"

Sasa sikilizeni. Watu hawa chakula cha unga hukichuja kwa vinyweleo vya miguuni. Vya Bwana Kamba vimeachana kama vijiti vya uzio. Vya Bi Uduvi vimebanana kama meno ya chanuo.

Shwaa! Bwana Kamba akachota. Akatazama. Hamna kitu! Unga wote umepenya. Shwaa! Hamna! Na huku Bi Uduvi, chwi, chwi, chwi, mstari wa kijani unatambaa tumboni.

"Uji gani huu? Maji matupu!" Bwana Kamba akafoka. "Ongeza unga!"

"Niongeze? Hapana, baba, nihurumie!" Bi Uduvi akapiga magoti, na magoti anayo mengi. "Chochote kile, ila usimwage unga wote! Ukiwa mzito utanimaliza!"

Bwana Kamba aliposikia hivyo, akanyakua kinu, akakipindua. Bwaa! Uji ukawa ugali. Akazamisha miguu yote kwa pamoja.

Nyata! Miguu ikanata. Akaipangusa kwa masharubu, masharubu yakanata. Akayalamba masharubu, mdomo ukagandamana.

"Mmmf! Mmmmf!"

Bi Uduvi alikuwa keshasogea ukingoni kabisa, ambako unga ulifika mwepesi, kidogo kidogo. Chwi, chwi, chwi. Bwana Kamba akisafisha mguu huu, ule unaziba. Akisafisha ule, huu unaziba.

Shangazi Konokono akasogea polepole, akachungulia tumbo la Bi Uduvi.

"Kijani, toka kichwani hadi mkiani."

Akachungulia la Bwana Kamba.

"Hapa naona ukuta wa upande wa pili tu."

Pale pale yai la kwanza likapasuka, tik! Mtoto akatoka, akameza vumbi la kona, akacheua.

Bwana Kamba akauchomoa mdomo wake kwa nguvu, pwa!

"Nimeonewa! Shangazi, wewe mwenyewe umeona! Unga wote ule nimeumwaga mimi!"

Shangazi Konokono akatema tambuu.

"Kumwaga si kula. Hama."